Saa za kazi kwa mwaka, Ujerumani na Marekani: shajara ya mradi kutoka Mtwara

3 Agosti 2024: Swali, vifaa na sababu ya kuchagua nchi hizi mbili

Shajara hii inaandikwa ili kikundi kingine, kiwe Lindi, Masasi au kwingineko, kiweze kuirudia kazi yetu bila kutumbukia kwenye mashimo ambayo sisi tumeyapitia. Swali ni moja. Tangu mwaka 1970 hadi 2023, wastani wa saa anazofanya kazi mtu mmoja kwa mwaka umebadilikaje Ujerumani na Marekani, na tofauti kubwa inayoonekana leo imetokana na nini?

Nchi hizi hazikuchaguliwa kwa sababu ya boma la Wajerumani la Mikindani wala mifupa ya dinosaria ya Tendaguru iliyopelekwa Berlin, ingawa utani huo umetolewa kikaoni zaidi ya mara moja. Zimechaguliwa kwa sababu takwimu zake ni za miaka mingi, na kwa sababu karibu na mwaka 1970 zilikuwa sawia, kila moja ikiwa kati ya saa 1,900 na 2,000 kwa mfanyakazi, Mjerumani wa Magharibi akimzidi Mmarekani kidogo. Mwaka 2023, kwa mujibu wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD), Mmarekani alifanya kazi saa 1,799 na Mjerumani saa 1,343. Pengo ni saa 456, ambazo ukizigawa kwa wiki ya saa 40 unapata wiki 11 na ushee. Wanafunzi wa kidato cha sita tunaowafundisha wanaamini kwamba nchi hutajirika kwa watu wake kukaa kazini muda mrefu, na takwimu hizi zinaigomea imani hiyo. Tulitaka kujua kama kweli zinaigomea au ni sisi tunaozisoma vibaya.

Kikundi kina walimu wawili wa sekondari, mwanafunzi mmoja wa uhasibu na karani mmoja wa ghala la korosho ambaye hesabu zake ni makini kuliko zetu sote. Vifaa ni kompyuta mpakato moja, programu ya LibreOffice Calc ambayo hailipiwi, na simu ya kuvutia intaneti. Data zote tulizozitumia zinapatikana bure. Gharama ya mwanzo ni bando tu, shilingi 10,000.

17 Agosti 2024: Jaribio la wiki mara 52 limeshindwa

Njia iliyotujia kwanza ndiyo itakayomjia kila mtu: tafuta wastani wa saa za kazi kwa wiki, uzidishe kwa 52. Kwa Ujerumani tulichukua takwimu ya Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, ambayo kwa mwaka 2023 ni takriban saa 34 kwa wiki. Kwa Marekani tulichukua ya Ofisi ya Takwimu za Kazi (BLS), inayotokana na taarifa za waajiri katika sekta binafsi, ambayo nayo ni saa 34 na sehemu. Tukazidisha. Nchi zote mbili zikaangukia kati ya saa 1,760 na 1,790, na pengo la saa 456 likayeyuka.

Kwa muda mfupi kulikuwa na furaha, kwa sababu ilionekana kana kwamba tumeikamata OECD ikikosea. Kisha yule karani wa ghala akauliza, kwa upole wake wa kawaida: "Mwalimu, na zile wiki ambazo ghala limefungwa, wewe umezihesabu wapi?" Hatukuwa tumezihesabu popote. Takwimu ya Eurostat ya saa zilizofanywa kwa wiki huwahusu watu waliokuwa kazini katika wiki iliyoulizwa, na aliyekuwa likizoni au mgonjwa wiki nzima hayumo kwenye wastani huo. Ukizidisha kwa 52 unamfanya kila mtu asiwe na likizo, asiugue, na asipumzike sikukuu yoyote.

Upande wa Marekani una kasoro ya aina nyingine, na inastahili kuelezwa kwa sababu inadanganya kwa ustadi zaidi. Ile saa 34 ya BLS inahesabu nafasi za kazi, haihesabu watu. Mtu mwenye kazi mbili anaonekana kama wafanyakazi wawili wenye saa chache, jambo linaloushusha wastani. Vilevile inahesabu saa zilizolipwa, zikiwemo saa za likizo yenye malipo, jambo linaloupandisha. Makosa hayo mawili yanavutana kwa pande tofauti, ndiyo maana zao la 34 mara 52 linakaribia sana ile 1,799 ya OECD. Ukaribu huo ni wa bahati, na yeyote atakayeurudia mradi huu asiuchukue kuwa uthibitisho wa njia.

31 Agosti 2024: Kuujenga mwaka wa Mjerumani siku kwa siku

Badala ya kuitupa ile saa 34 tuliamua kuihoji: je, tukiondoa siku zisizofanyiwa kazi, tutaifikia 1,343? Tulianza na siku 260, yaani wiki 52 za siku tano. Sheria ya Ujerumani inampa mfanyakazi wa siku tano kwa wiki angalau siku 20 za likizo kwa mwaka, lakini mikataba ya vyama vya wafanyakazi imezisogeza hadi karibu 30 katika sekta nyingi, kwa hiyo tuliondoa 30. Sikukuu za nchi nzima ni 9, na majimbo huongeza za kwao, tukaondoa 10. Siku za ugonjwa kwa mwajiriwa mmoja mwaka 2023 zilikuwa karibu 15, kiwango cha juu ambacho kinaeleweka ukijua kwamba mwajiri hulipa mshahara kamili kwa wiki sita za mwanzo za ugonjwa. Zikabaki siku 205, sawa na wiki 41, na wiki 41 mara saa 34 ni saa 1,394.

Bado zimebaki saa 51 zisizoelezeka, lakini kutoka kwenye pengo la saa zaidi ya 400 hiyo ni hatua kubwa. Sehemu ya masalia hayo inatokana na kazi ndogondogo ambazo Wajerumani huziita Minijob, zenye ujira mdogo na saa chache kwa wiki, ambazo wenye nazo mara nyingi hawazitaji wanapohojiwa nyumbani lakini zimo kwenye hesabu rasmi ya ajira.

Jaribio hili lilitufunza jambo ambalo hatukulitarajia. Mjerumani aliyeajiriwa kwa muda wote hufanya kazi takriban saa 40 kwa wiki, kama mtu yeyote. Kinachomtofautisha na Mmarekani si siku fupi, ni mwaka mfupi. Marekani haina sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri binafsi kutoa likizo yenye malipo, hata siku moja, na mwajiriwa wa sekta binafsi mwenye mwaka mmoja kazini, pale anapopewa likizo, hupata kwa wastani siku 11. Mwalimu mwenzangu alipolisikia hilo alifungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ya kwetu, inayotoa siku 28 mfululizo kwa kila mwaka, akaisoma kwa sauti.

21 Septemba 2024: Nukta, mkato na mwaka 1991

Hatua ya kupakua mfululizo mzima wa takwimu ilikuwa ya kawaida, isipokuwa kwa mambo mawili.

La kwanza ni la kiufundi tu, lakini lilitugharimu jioni nzima. Jedwali lililopakuliwa kwa Kijerumani huandika elfu kwa nukta na desimali kwa mkato, kwa hiyo 1.343,2 ni elfu moja mia tatu arobaini na tatu na sehemu mbili. Kompyuta yetu ililisoma kwa kanuni ya Kiingereza. Baadhi ya seli zikawa maandishi, na nyingine, zile zisizo na desimali, zikawa saa moja na sehemu kwa mwaka. Grafu ya kwanza ilionyesha Ujerumani ikiwa chini kabisa, imelala juu ya mstari wa sifuri. Dawa yake ni kuchagua lugha ya Kijerumani katika dirisha la kuingizia data kabla ya kubofya kitufe cha kukubali, na kuweka alama ya nukta mkato kuwa kitenganishi cha safu. Usijaribu kurekebisha kwa kutafuta na kubadilisha herufi baadaye. Tulijaribu, na tarehe zikaharibika.

La pili ni la msingi. Ujerumani ya mwaka 1990 na Ujerumani ya mwaka 1991 katika takwimu si nchi moja. Muungano ulifanyika tarehe 3 Oktoba 1990, na mfululizo wa nchi nzima unaanza 1991; kabla ya hapo ni Magharibi pekee. Watu wa Mashariki walikuwa wakifanya kazi saa nyingi zaidi kwa mwaka, na wanawake wengi zaidi wa kwao walikuwa kwenye ajira ya muda wote. Ukiunganisha vipande hivyo kwa mstari mmoja, msomaji atadhani kwamba Wajerumani walibadili tabia ghafla kati ya sikukuu moja ya Krismasi na nyingine, kumbe ni watu wengine walioingia kwenye hesabu.

Tulifikiria kukipandisha kipande cha Magharibi kwa uwiano fulani ili kikutane na cha nchi nzima, kama wafanyavyo baadhi ya watengenezaji wa kanzidata. Tukaacha. Grafu yetu ina mstari wa vitone hadi 1990, nafasi tupu, kisha mstari kamili kuanzia 1991. Haivutii macho, lakini haimwambii mtu jambo ambalo halikutokea.

12 Oktoba 2024: Onyo la OECD na kuhamia kwenye fahirisi

Minada ya korosho imeanza na karani wetu hapatikani isipokuwa Jumapili usiku, hivyo kazi imepungua kasi. Muda huo tuliutumia kusoma maelezo yaliyo chini ya majedwali, ambayo tulipaswa kuyasoma mapema kuliko majedwali yenyewe.

OECD inasema waziwazi kwamba takwimu hizi zimekusudiwa kulinganisha mwelekeo wa miaka, na kwamba hazifai kulinganisha viwango vya nchi na nchi katika mwaka mmoja, kwa kuwa vyanzo na njia za kukokotoa hutofautiana. Yaani ile saa 1,343 dhidi ya 1,799, ambayo ndiyo inayosambazwa kila mwaka kwenye magazeti na mitandao, ndiyo matumizi ambayo mwenye data amekataza.

Tofauti ya njia ni hii. Upande wa Ujerumani, taasisi ya utafiti wa ajira iliyoko Nürnberg (IAB) huanza na saa zilizokubaliwa kwenye mikataba, ikaongeza saa za ziada na kazi za pili, kisha ikaondoa likizo, sikukuu, ugonjwa, migomo na siku za hali mbaya ya hewa, kipengele kimoja baada ya kingine, kila kimoja kutoka kwenye kumbukumbu zake. Upande wa Marekani, msingi ni taarifa za waajiri zikiunganishwa na mahojiano ya kaya kwa wale ambao taarifa za waajiri haziwafikii, kama waliojiajiri, halafu saa zilizolipwa zinageuzwa kuwa saa zilizofanywa. Zipo pia nchi zinazotegemea mahojiano ya kaya moja kwa moja bila masahihisho mengi, na watafiti wa OECD walionyesha mwaka 2018 kwamba nchi za namna hiyo huelekea kuzidisha saa zao, kwa sababu mtu akiulizwa alifanya kazi saa ngapi wiki iliyopita hutaja wiki yake ya kawaida na kusahau siku aliyoumwa au aliyokwenda msibani.

Kwa hiyo tulibadili grafu. Badala ya saa zenyewe, kila nchi sasa inaanza na 100 mwaka 1991, na mistari inaonyesha imepanda au imeshuka kwa kiasi gani kutoka hapo. Fahirisi haihitaji viwango vya nchi mbili vilingane. Inahitaji tu kila nchi iendelee kujipima kwa kipimo chake kilekile. Ujerumani, iliyokuwa na takriban saa 1,550 mwaka 1991, imeshuka hadi karibu 87. Marekani imeteremka kidogo mno, chini ya pointi 3 kwa zaidi ya miaka thelathini.

Grafu ya viwango tumeibakiza kama kiambatisho, na onyo limechapwa juu yake kwa herufi kubwa. Mwanafunzi wa uhasibu alipendekeza tuifute kabisa. Hoja yake ina nguvu, lakini mtu ambaye hakuionyeshwa na sisi ataikuta kwingine bila onyo.

Nyongeza ya kiutaratibu: andika tarehe uliyopakua kila faili kwenye jina la faili. Takwimu hizi husahihishwa kila mwaka, na masahihisho hurudi nyuma miaka mingi. Tuliwahi kuchanganya toleo la zamani na jipya katika safu moja, na mteremko mdogo ukajitokeza ambao haukuwa wa kazi wala wa wafanyakazi.

2 Novemba 2024: Nani yumo kwenye wastani

Hapa ndipo mradi ulipogeuka, na ndipo tutakapokaa kwa muda mrefu zaidi.

Wastani ni jumla ya saa zote ikigawanywa kwa idadi ya watu walio kazini. Tulikuwa tumeitazama jumla tu. Tuseme kwenye ukumbi mmoja wa kubangulia korosho wapo wanawake kumi, kila mmoja akifanya kazi saa 8 kwa siku. Jumla ni saa 80 na wastani ni 8. Wakaja wengine watano wanaotoka shamba mchana na kubangua kwa saa 4. Jumla imepanda hadi 100, wastani umeshuka hadi 6 na dakika 40, na hakuna hata mmoja aliyepunguza dakika. Anayesoma wastani peke yake ataandika kwamba wabanguaji wamekuwa wavivu.

Ujerumani kuna jambo la namna hiyo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1991 waliokuwa kazini walikuwa takriban milioni 39, na mwaka 2023 takriban milioni 46. Ukizidisha kila idadi kwa wastani wa mwaka wake, unapata saa bilioni 60 kwa mwaka wa kwanza na karibu bilioni 62 kwa wa pili. Nchi ambayo wastani wake umeshuka kwa zaidi ya asilimia 13 inafanya kazi saa nyingi kuliko zamani kwa jumla. Walioongezeka, wengi wao wakiwa wanawake, waliingia kwa wingi kwenye ajira za saa pungufu; leo karibu watu 3 kati ya 10 walio kazini Ujerumani wapo kwenye ajira za namna hiyo, na miongoni mwa wanawake ni karibu nusu. Marekani wanaofanya kazi chini ya saa 35 kwa wiki ni takriban asilimia 17. Ufafanuzi wa nchi hizo mbili haulingani kabisa, ila tofauti ni kubwa kiasi cha kutoathiriwa na hilo.

Basi tukajaribu kugawanya kwa watu wengine: badala ya walio kazini, watu wote wenye umri wa miaka 15 hadi 64, wawe na kazi au wasiwe nayo. Mwaka 2023 waliokuwa na kazi katika umri huo walikuwa takriban asilimia 77 Ujerumani na asilimia 72 Marekani. Ukizidisha, Mjerumani anapata saa 1,034 na Mmarekani 1,295. Pengo lililokuwa robo nzima linashuka hadi karibu moja ya tano. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa sababu Wamarekani wengi waliovuka miaka 65 bado wako kazini na saa zao zimo kwenye wastani, na inarithi pia tatizo la viwango lililoelezwa Oktoba. Tunaiweka kwa sababu inaonyesha kwamba sehemu ya pengo hutegemea nani anahesabiwa.

Mwaka 2020 ndio uliolithibitisha jambo hili kuliko hesabu zetu zote. Tulitarajia mistari yote miwili izame kwa sababu ya korona. Wa Ujerumani ulizama, karibu asilimia 4 kwa mwaka mmoja. Wa Marekani haukushuka hata asilimia moja. Tulidhani faili limeharibika, tukalipakua upya, na namba zikarudi zilezile.

Sababu ni jinsi kila nchi ilivyolibeba pigo. Ujerumani ilitumia Kurzarbeit, mpango ambao mwajiri hupunguza saa, hata kufikia sifuri, bila kuwafukuza watu, na mfuko wa bima ya ajira hulipa asilimia 60 ya ujira halisi uliopotea, au 67 kwa mwenye watoto. Mwezi Aprili 2020 karibu watu milioni 6 walikuwa ndani ya mpango huo. Wote waliendelea kuhesabiwa kuwa na kazi, kwa hiyo saa zilipungua huku idadi ya watu ikibaki palepale. Marekani watu waliachishwa. Ukosefu wa ajira ulikaribia asilimia 15 mwezi huohuo, na walioachishwa kwa wingi walikuwa wa hoteli, migahawa na maduka, wenye ujira mdogo na saa chache. Waliobaki kazini walikuwa wale wenye saa nyingi, na mwezi Mei wastani wa saa kwa wiki ulipanda. Pigo ni lilelile, lakini upande mmoja lilionekana kwenye saa na upande wa pili likaonekana kwenye idadi ya watu. Tangu siku hiyo hatuchapi mstari wa saa bila mstari wa idadi ya walioajiriwa chini yake.

Kuhusu sababu za pengo kwa miaka mingi, wachumi hawajakubaliana, na tuliona ni vyema kuandika mgongano wao kama ulivyo. Edward Prescott, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2004, aliandika mwaka huohuo kwamba kodi kubwa za Ulaya zinaeleza karibu tofauti yote. Alberto Alesina, Edward Glaeser na Bruce Sacerdote walijibu mwaka 2005 kwamba vyama vya wafanyakazi na sheria za kazi vina uzito mkubwa zaidi. Angalia kwamba Prescott alipima saa kwa kila mtu wa umri wa kufanya kazi, si kwa kila aliye kazini. Binafsi naelemea upande wa Alesina na wenzake, hasa kwa sababu tulipouvunja mwaka wa Mjerumani siku kwa siku, sehemu kubwa ya upungufu ilikuwa likizo, sikukuu na malipo ya ugonjwa, vitu vilivyoandikwa kwenye sheria na mikataba. Wenzangu wawili hawakubaliani nami, na wanayo haki ya kukumbusha kwamba kodi huathiri pia uamuzi wa mke au mume kuchukua kazi ya saa pungufu.

16 Novemba 2024: Mstari wa tangu 1870 umefutwa

Tulitamani kurudi nyuma hadi karne ya 19. Michael Huberman na Chris Minns walichapisha mwaka 2007 makadirio yanayoanzia 1870, wakati Mjerumani alipofanya kazi saa 3,284 kwa mwaka na Mmarekani 3,096. Tukaziunganisha na takwimu za Penn World Table, kanzidata ya Chuo Kikuu cha Groningen, ambayo toleo lake la 10.01 linafika 2019. Grafu ilipendeza sana, mteremko mrefu kutoka elfu tatu hadi chini ya elfu mbili.

Tatizo ni kwamba makadirio ya zamani yanawahusu wafanyakazi wa uzalishaji wa muda wote, nje ya kilimo. Ya sasa yanawahusu wote, wakiwemo wa saa pungufu na waliojiajiri. Katika maungio, sehemu ya mteremko ni ya kweli na sehemu ni kubadilika kwa watu wanaohesabiwa, na kwa Ujerumani, yenye watu wengi wa saa pungufu, sehemu hiyo ya pili ni kubwa kuliko ya Marekani. Baada ya yote tuliyoyaandika tarehe 2, tusingeweza kuichapa.

Tulifuta pia mistari ya wima iliyokuwa ikionyesha matukio: siku ya kazi ya saa nane Ujerumani, Novemba 1918, sheria ya Marekani ya 1938 iliyoleta wiki ya saa 40 kuanzia 1940, mgomo wa chama cha wafanyakazi cha IG Metall wa 1984 na wiki ya saa 35 iliyofikiwa 1995 katika viwanda vya chuma vya Magharibi. Matukio yote ni ya kweli, lakini mstari wa wima ukichorwa juu ya mteremko humwambia msomaji kwamba hiki kimesababisha kile, na grafu yetu haina uwezo wa kulithibitisha hilo. Yamehamia kwenye jedwali la pembeni.

30 Novemba 2024: Uchapaji, gharama na hatua inayofuata

Grafu mbili zimechapwa kwa rangi kwenye karatasi za A3 na kubandikwa kwenye ubao wa chumba cha kusomea: fahirisi ya saa juu, idadi ya walioajiriwa chini, kwa kipimo kimoja cha miaka. Nakala za kwanza zilitoka na rangi mbili zisizotofautika zikipigwa fotokopi nyeusi, zikabidi zirudiwe, Ujerumani ikiwa mstari mnene na Marekani mwembamba. Bando lote la mradi limefikia shilingi 38,000, uchapaji 18,000 pamoja na ule uliorudiwa, na karatasi na gundi 4,500. Jumla ni shilingi 60,500. Aliye na intaneti kazini au chuoni ataondoa zaidi ya nusu.

Hatua inayofuata ni Tanzania, ambayo haimo kwenye majedwali ya OECD. Njia rahisi ilishapendekezwa: sheria yetu inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, ondoa wiki 4 za likizo, zidisha 45 kwa 48, upate 2,160. Tumeikataa kabla ya kuijaribu, kwa sababu ukomo wa sheria si saa zilizofanywa, na kwa sababu mkulima wa korosho wa Tandahimba au Ruangwa hana mwajiri wa kumhesabia saa. Tutatumia tafiti za nguvukazi za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, za 2014 na 2020/21, zinazouliza saa za wiki iliyopita. Karani ametuonya tena, safari hii kabla hatujaanza: anayehojiwa huku Novemba, wakati wa kuokota na kupeleka mzigo ghalani, atajibu tofauti kabisa na anayehojiwa Machi, na kipindi cha kupuliza salfa kina saa zake pia. Kwa hiyo jambo la kwanza kutafutwa kwenye mafaili ni safu inayoonyesha mwezi wa mahojiano, mkoa kwa mkoa. Yeye atashughulikia Mtwara na Lindi minada ikiisha. Mwanafunzi wa uhasibu anaanza na Dar es Salaam wiki ijayo.